UZI: Sumaku ndani ya masega ya chuma yasiyoonekana kwa macho, na kwa nini njia panda ndiyo inayoamua

Nyuki wa Ziwa (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka wa tatu huu niko masomoni Uingereza, na kila nikipiga simu nyumbani Mwanza kaka yangu huniuliza, "Hivi huko unasomea nini hasa?" Swali ni la haki kabisa, na kwa simu sijawahi kulijibu nikaridhika. Leo nakaa chini nalijibu kwa maandishi, naye nitamtumia kiungo asome taratibu. Wenye maswali ulizeni, nitapita hapa kila jioni nikitoka maabara.

Chora sega la nyuki kwenye karatasi. Kila mstari wa sega ufanye kipande chembamba cha chuma. Kisha punguza mchoro mzima mpaka kila mstari ubaki na urefu wa nanomita 500 na upana wa nanomita 100 hivi. Unywele wa kichwani kwako una unene wa nanomita 80,000 au zaidi kidogo, kwa hiyo inabidi upange vipande 160 kichwa kwa mkia ndipo uvuke unywele mmoja. Hilo ndilo sega ninaloshughulika nalo.

Metali inayotumika zaidi inaitwa permaloi: sehemu 80 nikeli, sehemu 20 chuma. Ni aloi ya zamani, iliyogunduliwa na Gustav Elmen kwenye maabara za kampuni ya simu kule Marekani miaka zaidi ya 100 iliyopita. Mwaka 1924 utepe wa permaloi ulizungushiwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka New York hadi visiwa vya Azores, na ujumbe ukapita haraka kuliko ulivyokuwa ukipita kwenye waya za awali. Sifa yake kubwa ni kwamba haina ubishi: fuwele zake hazipendelei sumaku ielekee upande wowote. Metali nyingine zina upande zinaoutaka, permaloi hukubali tu.

Sasa ukiikata vipande vyembamba na virefu, aliyebaki kuamua ni umbo. Sumaku ikilala kukatisha upana, ncha za kaskazini zitajipanga ubavu mmoja na za kusini ubavu wa pili, karibu karibu, na hiyo ni gharama kubwa ya nishati. Ikilala kufuata urefu, ncha zinabaki mbili tu, moja huku na moja kule, mbali na mwenzake. Basi kila kipande kinakuwa mshale: ama unaelekea huku, ama unaelekea kule. Hakuna cha tatu.

Utamu unaanza pale vipande vitatu vinapokutana, yaani kwenye njia panda. Kila viwili vinataka kimoja kiingize ncha ya kaskazini na kingine kiingize ya kusini, wavutane wakae kwa amani. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini zizi hili lina milango mitatu na ng'ombe ni wa aina mbili tu, kwa hiyo upende usipende wawili watafanana. Mishale mitatu ina namna 8 za kujipanga. Namna 2 ni mbaya sana, yote mitatu kuingia au yote mitatu kutoka. Zinabaki 6: miwili ndani mmoja nje, au mmoja ndani miwili nje. Hizo 6 zina nishati sawa, na hakuna hata moja ambayo wote watatu wameridhika.

Sasa rudia hilo kwenye njia panda laki moja zilizounganishwa, ambapo kila kipande kina miguu miwili, mmoja njia panda hii na mwingine ile. Ukimtuliza jirani wa kushoto umemkorofisha wa kulia. Mtandao mzima unakosa pa kulala. Ndiyo maana wenzetu wakauita *barafu ya spini ya kutengenezwa*: spini ndiyo hiyo mishale ya sumaku, na hilo neno barafu lina hadithi yake.

Fundi Redio (#2)

Mkuu umeniweka. Nimezoea sumaku za spika, kipande kikubwa kama kitumbua. Swali langu: msumari nao ni chuma, mbona haufanyi hivyo vituko? Na hiyo barafu imeingiaje?

Nyuki wa Ziwa (#3)

Fundi, msumari ni mkubwa mno. Ndani yake sumaku imegawanyika maeneo mengi madogo, kila eneo na mwelekeo wake, na kati ya eneo na eneo kuna mpaka. Maeneo hayo yanafutana ndiyo maana msumari wa dukani haunasi pini. Ukipunguza kipande mpaka kiwe chembamba vya kutosha, gharama ya kuweka mpaka ndani yake inazidi faida yake, hivyo kipande chote kinabaki eneo moja. Hapo ndipo unapopata mshale safi.

Barafu sasa. Maji ya kawaida, yale ya kwenye jokofu. Kila atomi ya oksijeni ndani ya barafu imezungukwa na haidrojeni nne: mbili ziko karibu nayo, ni zake, na mbili ziko mbali kidogo, ni za jirani. Kanuni hiyo, mbili karibu mbili mbali, iliandikwa na Bernal na Fowler mwaka 1933. Mwaka 1935 Linus Pauling akajiuliza: kuna njia ngapi za kuitii kanuni hii kwenye bonge zima?

Hesabu yake naipenda kwa jinsi ilivyo fupi. Molekuli moja ya maji inaweza kugeuka namna 6 ndani ya nafasi yake. Kila kifungo kati ya molekuli mbili kina uwezekano wa nusu kukubaliana na jirani, na kila molekuli ina sehemu ya vifungo viwili, kwa hiyo nusu mara nusu ni robo. Sita mara robo ni 3/2. Barafu yenye molekuli N ina njia 3/2 kuzidishwa yenyewe mara N. Idadi hiyo haielezeki kwa ukubwa, na zote zina nishati karibu sawa. Maana yake, hata uipooze barafu hadi karibu na sifuri kamili ya Kelvini, baridi isiyo na chini yake, haitulii kwenye mpangilio mmoja. Vipimo vya joto vya William Giauque na mwenzake vilikuwa vimeonyesha kuna kitu kimebaki ndani ya barafu pasipotarajiwa kubaki chochote, na jibu la Pauling likakaa pale pale.

Mwaka 1997 Harris, Bramwell na wenzao wakaonyesha kwamba fuwele moja ya holmi, titani na oksijeni inafanya mambo hayo hayo kwa mishale ya sumaku: miwili ndani, miwili nje. Fuwele hiyo inataka baridi kali, chini ya kelvini chache, na mshale mmoja mmoja huwezi kuuona. Ndipo mwaka 2006 kundi la Peter Schiffer huko Penn State, Marekani, wakasema: kama asili inatuficha, tuchore wenyewe.

Walichora visiwa vya permaloi, kila kimoja urefu nanomita 220, upana 80, unene 25, vikipangwa miraba miraba hivi kwamba visiwa vinne vinaelekeana kwenye kila njia panda. Umbali wa kutoka kisiwa hadi kisiwa waliubadilisha, kutoka nanomita 320 hadi 880. Kisha wakaweka sampuli kwenye uga wa sumaku, wakaizungusha huku uga ukipungua kidogo kidogo. Mtu aliyewahi kumwona mama akipepeta mchele kwenye ungo ataelewa mara moja: unatikisa kwa nguvu, halafu taratibu, halafu taratibu zaidi, kila punje inapata nafasi ya kutafuta mahali pake.

Wakahesabu. Mishale minne ina namna 16, na namna 6 ndizo zenye miwili ndani miwili nje. Kama kisiwa hakimjali jirani, ungetegemea 6 kati ya 16, yaani asilimia 37.5. Visiwa vilipokuwa mbali mbali, ndivyo ilivyokuwa. Vilipokaribiana kabisa, zaidi ya asilimia 70 ya njia panda zilitii kanuni. Barafu imechorwa kwa mkono wa binadamu, na iko kwenye joto la chumbani.

Bin Kombo (#4)

Salaam kutoka Maskati. Ndugu yangu, umesema joto la chumbani. Mimi nilifundishwa kwamba joto ndilo linalovuruga sumaku. Hivyo visiwa vidogo namna hiyo, mbona havigeukigeuki?

Nyuki wa Ziwa (#5)

Waalaikum salaam, Bin Kombo. Tupige hesabu pamoja. Kisiwa cha 220 × 80 × 25 kina ujazo wa nanomita za ujazo 440,000. Ukizidisha na nguvu ya permaloi unapata kisiwa kimoja kina nguvu ya sumaku sawa na elektroni zaidi ya milioni 30 zilizoelekea upande mmoja. Kwa jicho ni kidogo, kwa joto ni tembo. Nishati ya kuwagombanisha majirani wawili, ukiibadilisha kuwa halijoto, ni maelfu kwa maelfu ya kelvini, na chumba chako kina 300 tu. Ndiyo maana ilibidi wapepete kwa uga. Joto pekee lisingefua dafu.

Ila ukikipunguza unene, mambo yanabadilika. Kundi la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 2011 waligundua kitu ambacho mimi kilinikosesha usingizi nilipokisoma. Sampuli yao ilipotoka tu kwenye mtambo, kabla hawajaigusa kwa uga wowote, ilikuwa tayari imejipanga vizuri kuliko ambavyo ungo wowote ungeweza kuipanga. Kwa nini? Kwa sababu metali inashuka tabaka juu ya tabaka. Visiwa vilipokuwa bado vyembamba sana, joto liliweza kuvigeuza, vikasemezana na kupatana wakati vinakua. Vilipofika unene fulani vikaganda na mapatano yale yale. Miaka miwili baadaye, pale Taasisi ya Paul Scherrer huko Villigen, Uswisi, wakatengeneza visiwa vya unene wa nanomita chache tu, wakavipasha joto kidogo na kuvitazama kwa eksirei vikigeuka kimoja kimoja.

Mzee wa Kisosora (#6)

Nimesoma mahali kwamba hawa watu wamepata sumaku yenye ncha moja. Kijana, mimi nimekata sumaku tangu nikiwa shule ya msingi, kila ukikata unapata kaskazini na kusini. Nisaidie, hizi habari ni za kweli au ni maneno ya magazeti?

Nyuki wa Ziwa (#7)

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo zito kuliko yote, nitalijibu polepole.

Mwanafizikia Paul Dirac mwaka 1931 alionyesha kwamba hakuna sheria inayokataza chembe yenye ncha moja kuwepo, na kama ipo hata moja ulimwenguni, itaeleza kwa nini chaji ya umeme huja kwa vipimo kamili. Watu wameitafuta mpaka leo, na chembe ya namna hiyo haijapatikana. Masega yetu hayajaipata pia. Yeyote aliyeandika kwamba imepatikana amepitiliza.

Kilichopatikana ni hiki. Tazama njia panda moja ya sega. Kila mshale unaoingia unaleta kaskazini moja, kila unaotoka unaacha kusini moja. Miwili ndani mmoja nje: imebaki kaskazini moja, tuiite chaji ya +1. Kinyume chake ni −1. Kwa kuwa tatu ni witiri, haiwezekani kabisa kubaki sifuri. Kila njia panda ya sega ina deni au ina akiba, muda wote. Sasa geuza kipande kimoja: njia panda ya upande huu inapoteza 2, ya upande ule inapata 2. Chaji imesafiri. Geuza kinachofuata, imesafiri tena. Nyuma yake inaacha mstari wa vipande vilivyogeuka, kama nyayo kwenye mchanga. Ncha mbili zilizozaliwa pamoja sasa ziko mbali mbali, na kila moja inavuta na kusukuma kama ncha pweke.

Castelnovo, Moessner na Sondhi ndio walioandika hivyo mwaka 2008 kuhusu zile fuwele za asili. Mwaka 2010 Ladak, Branford na wenzao wa Imperial College London walionyesha kwenye sega la kobalti njia panda zenye +3 na −3, zile namna 2 mbaya nilizozitaja mwanzo. Mwaka uliofuata kundi la Villigen wakaonyesha, kwa visiwa vilivyotengana, jinsi chaji hizo zinavyokimbia na kuacha nyayo zake.

Kwa hiyo mzee, ukikata bado utapata mbili. Ukijumlisha sampuli nzima utapata sifuri. Lakini ndani ya mtandao, ncha zinatembea mbali mbali, na kila moja inajitegemea kwa matendo yake.

Mzee wa Kisosora (#8)

Marahaba. Nimekuelewa, lakini neno "pweke" naona bado ni kubwa. Kitu kilichoacha nyayo hakijawa pweke, kimefungwa kamba.

Nyuki wa Ziwa (#9)

Mzee, hapo umewagusa watu wengi wa fani hii, na nusu nakubaliana nawe. Kwenye zile fuwele za asili kamba hiyo haina uzito: njia za kutii kanuni ni nyingi hata huwezi kujua kamba imepita wapi, na kuirefusha hakugharimu. Pale neno linafaa. Kwenye mtandao wa miraba kamba ina gharama, maana mishale minne hailingani. Wanaokaa pembeni mwa mwenzao wako karibu kuliko wanaotazamana. Ukirefusha kamba nishati inapanda, na ncha zinavutwa kurudiana. Pale wewe una haki, ni kamba kweli. Masega yako katikati ya hao wawili.

Fundi Redio (#10)

Kuna kitu hakijakaa sawa kichwani. Wengine unasema visiwa vimetengana, wengine sega limeungana. Kuna tofauti gani?

Nyuki wa Ziwa (#11)

Tofauti kubwa, Fundi, na ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Visiwa vikitengana, kila kisiwa kinajigeuza chenyewe. Vikiungana, kugeuka kunatembea kwa miguu. Vuta picha: umeweka uga mkubwa, mishale yote imeelekea kulia. Geuza uga uelekee kushoto, uongeze taratibu. Kwanza hakuna kinachotokea. Unaongeza, kimya. Halafu njia panda moja, mara nyingi ya pembezoni, inashindwa kuvumilia. Kutoka ndani yake unachomoka mpaka, ule ule niliosema hapo juu unaotenganisha eneo na eneo, nao umebeba chaji ya 2. Unakimbia ndani ya kipande, na kila unapopita mshale umegeuka. Unafika njia panda ya pili. Ikiwa ile ina −1 na mpaka umebeba +2, wanajumlika kuwa +1, mambo shwari. Ikiwa tayari ina +1, ingekuwa +3, na hiyo ni gharama. Mpaka unakwama mlangoni, au njia panda ile nayo inautoa mpaka mwingine upande wa pili na mbio zinaendelea. Ukitazama sampuli nzima unaona minyororo ya vipande ikigeuka kwa mkupuo, zigizaga, kufuata mwelekeo wa uga.

Kundi la John Cumings, Chuo Kikuu cha Maryland, mwaka 2008 walitazama sega la permaloi lililoungana kwa hadubini ya elektroni na hawakukuta hata njia panda moja yenye 3. Imperial kwa kobalti wakazikuta. Kobalti, tofauti na permaloi, ina fuwele zenye upande zinaoutaka, kwa hiyo kuna mahali mpaka unanaswa. Mchoro ni ule ule, metali imebadilika, na njia panda zimebadilika tabia.

Lingine: sega lililoungana unaweza kulipitishia umeme. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliandika mwaka 1857 kwamba ukinzani wa chuma na nikeli hubadilika kulingana na pembe kati ya mkondo na sumaku. Kwa permaloi badiliko hilo ni asilimia chache tu, lakini linatosha. Vichwa vya kusomea diski za kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilitegemea hilo hilo. Nami nikiongeza uga natazama ukinzani: unashuka mteremko laini, halafu ghafla unaruka. Kila mruko ni mkupuo mmoja wa vipande.

Bin Kombo (#12)

Tueleze mnachoraje kitu chembamba hivyo. Kalamu gani hiyo?

Nyuki wa Ziwa (#13)

Kalamu ni mwale wa elektroni. Unachukua kipande cha silikoni kinachong'aa kama kioo, unakidondoshea plastiki ya maji maji aina ya PMMA, unakizungusha kwa kasi mpaka plastiki itandazike sawasawa, unakioka. Mwale unachora sega juu ya plastiki, na palipochorwa panalegea. Unatumbukiza kwenye dawa, palipolegea panayeyuka, zinabaki mifereji midogo mfano wa sega. Ndani ya chombo kisicho na hewa unafukiza permaloi, mvuke wake unatua kila mahali, ndani ya mifereji na juu ya plastiki. Mwisho unaweka kwenye asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha. Plastiki inayeyuka, metali iliyokuwa juu yake inaondoka nayo, linabaki sega.

Ndivyo inavyotakiwa. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza miezi miwili hapo. Nilikuwa natoa sampuli, kwa macho inapendeza, inarudisha rangi ya upinde kwenye mwanga. Nikiipima, mikupuo haipo. Vipande vinageuka ovyo, kimoja mapema kingine kimechelewa sana. Nikaiweka chini ya hadubini ya elektroni, nikaiinamisha kidogo. Kingo za kila kipande zilikuwa zimesimama juu kama kingo za bati lililokatwa kwa mkasi butu. Metali ilikuwa imepanda kwenye kuta za mifereji, na plastiki ilipoondoka ikaacha masikio yamesimama. Kila sikio lina umbo lake, na umbo ndilo linaloamua, kwa hiyo kila kipande kilikuwa na uga wake wa kugeukia.

Dawa yake ilikuwa plastiki za tabaka mbili. Ya chini inayeyuka upesi kuliko ya juu, mfereji unakuwa mpana chini na mwembamba juu, metali haipati ukuta wa kupanda. Tangu hapo naacha sampuli kwenye asetoni usiku kucha bila haraka. Sampuli ya kwanza ya namna hiyo nilipoipima, ukinzani uliruka safi mara ya kwanza tu. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi nikamwita kaka yangu kwa simu, nikashindwa kumweleza nimefurahia nini.

Mwl. wa Kidato cha Tano (#14)

Nimesoma uzi wote nikiwa nasahihisha madaftari. Nafundisha fizikia, Iringa. Kaka, mambo mawili. La kwanza, wanafunzi wangu wataniuliza faida. La pili, je, kuna namna ya kuwaonyesha hili bila mwale wa elektroni?

Nyuki wa Ziwa (#15)

Mwalimu, heshima kwako.

Faida. Mtandao huu unakumbuka. Ukiupa uga, hali yake mpya inategemea uga wa sasa na hali iliyokuwa nayo kabla, na kila njia panda inashauriana na majirani. Hiyo ni aina ya kukokotoa. Mwaka 2022 Gartside, Branford na wenzao wa Imperial walionyesha kwamba mtandao wa visumaku unaweza kupewa mfululizo wa namba kwa njia ya uga, ukasomwa kwa mawimbi ya sumaku, na ukatabiri namba zinazofuata. Kuna pia suala la nishati: kiwango cha chini kabisa cha kufuta biti moja ya taarifa, kwa kanuni ya Landauer, kwenye joto la chumbani ni karibu juli 3 zilizogawanywa kwa 1 yenye sifuri 21. Mwaka 2016 huko Berkeley walipima visumaku vya permaloi na kukuta kwamba kufuta biti kwenye kisumaku kimoja kunakaribia kiwango hicho. Haijawa bidhaa ya dukani, sitawadanganya vijana. Mimi mwenyewe kilichonivuta ni kuona kanuni ya barafu ikitii mkono wangu.

La pili, ndiyo, inawezekana, na sumaku za kufundishia zilizo kabatini zinatosha. Chukua tatu zinazolingana, zilaze mezani ncha zikikutana kama miguu ya kigoda, ziache nafasi ya kidole katikati. Kwanza ziweke kaskazini zote tatu ndani. Kisha mbili kaskazini na moja kusini. Pitisha dira ndogo kwenye mapengo. Kati ya kaskazini na kusini sindano italala kukatisha pengo. Kati ya kaskazini mbili itasimama ikitazama nje, kusini yake ikiwa katikati. Hapo mwanafunzi anaiona ile +1 kwa macho yake.

Mwl. wa Kidato cha Tano (#16)

Nimerudi. Tumefanya leo kipindi cha nne.

Kaskazini tatu hazikukaa, kila tukiachia mkono zinateleza nyuma. Tulizigandisha kwa selotepu. Mbili kwa moja zilitulia zenyewe, na dira ilifanya ulivyosema. Halafu binti mmoja akauliza, mbona tusiweke nne? Tukaweka mbili ndani mbili nje. Ajabu: kaskazini zikitazamana, zinashikamana vizuri. Kaskazini zikikaa jirani, zinazunguka zenyewe ukiachia. Lakini zote si zinatii kanuni? Nimewaahidi jibu Jumatatu.

Nyuki wa Ziwa (#17)

Mwalimu, mwambie binti huyo ameuona kwa mkono wake mwenyewe ugonjwa wa mtandao wa miraba. Namna 6 zinatii kanuni, ila 2 kati yake, zile zinazotazamana, kila jirani wa pembeni ni kaskazini na kusini, zinavutana pande zote. Zile 4 nyingine zina majirani wanaofanana. Kwa kuwa jirani wa pembeni yuko karibu kuliko anayetazamana naye, zile 2 zinashinda. Ndiyo maana mtandao wa Penn State si barafu kamili. Ukiupa nafasi unatulia kwenye mpangilio mmoja wa kupishana.

Möller na Moessner walipendekeza dawa mwaka 2006 hiyo hiyo, na kundi la Grenoble, Ufaransa, wakaitengeneza mwaka 2016: inua jozi moja ya visiwa juu ya nyingine kwa makumi ya nanomita. Walioko pembeni wanakuwa mbali kidogo, wanaotazamana wanabaki pale pale, nguvu zinakaribiana, na namna zote 6 zinarudi kuwa sawa.

Kwako Jumatatu: chukua jozi moja inayotazamana, iweke juu ya madaftari. Daftari moja kila upande, achia, tazama. Kisha mawili. Kisha matatu. Yule binti ndiye aongeze madaftari, na mwingine aandike ni kwenye daftari la ngapi zile zilizokuwa zinazunguka zilipoacha kuzunguka. Ukipata namba hiyo niletee hapa, pamoja na urefu wa sumaku zenu na unene wa daftari.